Hawker Fury ya Karatasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu modeli ya karatasi ya Hawker Fury ya toleo la kwanza, ndege ya kivita ya Uingereza iliyoingia kazini mwaka 1931, katika skeli ya 1:33, yaani kila kipimo cha ndege halisi kikigawanywa kwa 33. Mengi kati yake yanafaa pia kwa ndege nyingine za miaka ya kati ya vita kuu mbili zenye mabawa ya ghorofa, yaani bawa moja juu ya jingine, lakini nimeshikilia ndege moja kwa makusudi, kwa kuwa ushauri wa jumla haumsaidii sana mtu ambaye tayari ana wembe mkononi.

Kwa nini Hawker Fury, ilhali ndege za zama hizo ni nyingi?

Sababu ya kwanza ni pua yake. Ndege nyingi za kivita za wakati huo, kama vile Gloster Gladiator ya Uingereza na Boeing P-12 ya Marekani, zilikuwa na injini ya duara yenye silinda tisa zinazoonekana kwa mbele, na katika modeli ya karatasi kila silinda ni rundo la visahani vidogo vinavyokatwa kimoja kimoja na kupangwa kwa gundi. Nimeona watu wenye subira ya kutosha wakiachia hapo hapo, kwenye silinda ya nne au ya tano. Fury ilitumia injini ya Rolls-Royce Kestrel, iliyopozwa kwa maji, yenye silinda 12 zilizopangwa katika safu mbili zenye umbo la V na kufichwa chini ya mabamba laini ya chuma, kwa hiyo pua nzima hutengenezwa kwa mapipa machache ya karatasi yanayopungua upana kuelekea mbele.

Sababu ya pili ni kwamba kila upande wa mabawa una seti moja tu ya nguzo zinazounganisha bawa la juu na la chini, iliyoundwa kama herufi N, badala ya seti mbili au tatu. Sababu ya tatu ni upendeleo wangu tu: naiona kuwa ndiyo ndege nzuri kuliko zote zilizopita mikononi mwa Sydney Camm, msanifu wa ndege ambaye baadaye alisanifu Hurricane, ndege ya kivita ya Uingereza. Fury ya kwanza kutoka kiwandani, yenye namba K1926, iliruka tarehe 25 Machi 1931, na mwezi Mei mwaka huo huo Kikosi cha 43 kilichokuwa Tangmere, kusini mwa Uingereza, kikaanza kuzipokea. Kasi yake ilikuwa maili 207 kwa saa, yaani karibu kilomita 333, na hapo Jeshi la Anga la Uingereza likapata kwa mara ya kwanza ndege ya kivita kikosini inayozidi maili 200 kwa saa katika mruko wa usawa.

Je, ndege hii iliwahi kufika Afrika Mashariki?

Ilifika. Katika mapigano ya mwaka 1940 na 1941 dhidi ya Waitalia waliokuwa wakiishikilia Ethiopia na Somalia, Jeshi la Anga la Afrika Kusini lilizitumia Fury likiwa na vituo vyake nchini Kenya, ingawa kufikia wakati huo zilikuwa tayari zimepitwa na wakati. Ndege moja iliyosalia, yenye namba K5674, ilitumika kwanza katika Kikosi cha 43, ikapelekwa Afrika Kusini, na baada ya kukarabatiwa huko Uingereza ilirushwa tena mwaka 2012. Mwenye kuunda modeli atafaidika sana na picha zake, kwa sababu ni za rangi, zimepigwa kwa karibu, na zinaonyesha kila waya ulipofungwa.

Modeli itakuwa na ukubwa gani, na je, naweza kuipunguza?

Ndege halisi ilikuwa na upana wa mita 9.14 kutoka ncha hadi ncha ya bawa la juu, na urefu wa mita 8.13. Kwa skeli ya 1:33 utapata modeli yenye upana wa sentimita 27.7 na urefu wa sentimita 24.6, ambayo inakaa vizuri juu ya rafu ya vitabu. Skeli hii imezoeleka zaidi kwa modeli za ndege za karatasi kutokana na mazoea ya Poland, ambako jarida la Mały Modelarz limekuwa likichapisha michoro ya kukata tangu mwaka 1957.

Kupunguza kunawezekana, ila kuna mtego. Ukichapisha kwa asilimia 66 utafika skeli ya 1:50 na upana wa sentimita 18.3, lakini karatasi yenyewe haipungui unene. Nafasi ya kuingizia fremu, yaani kipande cha kadi kinachoshikilia umbo kwa ndani, iliyochorwa kwa ajili ya kadi ya milimita 1 itakuwa imebaki na milimita 0.66, na kadi ile ile haitaingia. Anayepunguza modeli lazima apunguze na unene wa kadi, na pia akate vilimi vya gundi, yaani vijiukingo vya kubandikia, viwe vyembamba zaidi. Kwa modeli ya kwanza nashauri usipunguze chochote.

Nilichapisha dukani na vipande havioani. Kosa liko wapi?

Mara nyingi kosa liko kwenye mpangilio wa printa unaobana ukurasa ili uingie ndani ya pambizo. Ukurasa ukibanwa hadi asilimia 97, hutaona tofauti kwa macho, na kama kurasa zote zimebanwa sawasawa modeli bado itajengeka. Taabu huanza pale kurasa za mwanzo zinapochapishwa leo kwa asilimia 100 na zile zilizobaki kesho kwa mashine nyingine. Hilo lilinipata mimi: kiwiliwili kilitoka duka moja la steshenari na mabawa yakatoka jingine, na shina la bawa la chini likawa fupi kwa milimita 2 kuliko nafasi iliyoachwa kwa ajili yake ubavuni. Tangu siku hiyo nachora mstari wa sentimita 10 pembeni mwa kila ukurasa kabla ya kuupeleka, na naupima kwa rula pale pale kaunta kabla ya kulipa.

Nitumie karatasi na gundi ya aina gani?

Sehemu nyingi za nje zinahitaji karatasi ya gramu 160 kwa mita ya mraba. Karatasi ya manila inayouzwa madukani kwetu inafaa ikiwa ni nyeupe na laini, lakini ikunje kwanza kwa majaribio, kwani baadhi yake hupasuka nyuzi kwenye mkunjo na kuacha ukingo wenye manyoya. Vipande vidogo vinavyoviringishwa sana, kama vile mabomba ya ekzosi, vichapishwe kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80. Fremu za ndani hukatwa kutoka kwenye kadi ya milimita 1, na boksi la nafaka likibandikwa mara mbili na kukandamizwa chini ya vitabu usiku kucha litatoa unene huo bila gharama.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Kata kipande cha mraba, kikunje kidogo bila kukivunja, kisha kigeuze na kukikunja upande wa pili. Upande unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Mapipa ya kiwiliwili yaviringishwe kwa upande huo, la sivyo yatakuwa na pembe pembe kama bomba la bati lililopigwa nyundo.

Kuhusu gundi, nyeupe ya seremala inatosha kwa asilimia kubwa ya kazi, ikipakwa kwa kijiti cha meno kwa kiasi kidogo kuliko unavyodhani. Gundi ya kukausha papo hapo nimeitengea kazi mbili tu, yaani kugandisha ncha za nyuzi za kushonea zinazowakilisha waya na kuimarisha kingo za fremu, kwa sababu ambazo zitaonekana nitakapofika kwenye bawa la juu.

Ni vifaa gani vinavyohitajika?

Wembe wenye mpini, rula ya chuma, mkasi mdogo, sindano, vibanio vya nguo, vijiti vya mishikaki na kandambili ya zamani. Ndiyo, kandambili: weka kipande cha karatasi juu ya soli yake ya mpira, kisha sugua upande wa ndani kwa mgongo wa kijiko, na karatasi itaanza kubonyea na kuchukua umbo la mviringo bila mkunjo.

Nianze na sehemu ipi?

Anza na kiwiliwili, kuanzia chumba cha rubani kwenda mbele na kisha kwenda nyuma. Hiyo ndiyo sehemu yenye picha nyingi kwenye maelekezo, na kusema kweli ndiyo yenye hatari ndogo. Ubandike ukanda wa karatasi kwa ndani kwenye maungio ya kila pipa, uhakikishe kwamba kila fremu imesuguliwa kwa msasa hadi iingie bila kusukumwa, na kabla ya kubandika pipa lolote utazame kutoka nyuma kama mshono wa chini umenyooka tangu puani hadi mkiani. Mshono ukianza kupinda kushoto, mkia nao utakaa upande, na hakuna rangi itakayouficha.

Kingo zote zilizokatwa huonekana nyeupe. Zipake rangi ya maji inayolingana na uchapishaji kabla ya kubandika, kwa sababu baada ya hapo brashi haitafika.

Mabawa yangu hupinda baada ya kukauka. Nifanye nini?

Bawa la Fury halisi lilikuwa na kiunzi cha chuma kilichofunikwa kwa kitambaa, na kitambaa hicho kilibonyea kidogo kati ya ubavu mmoja na mwingine. Kwa modeli, watu hufuata alama hizo kwa kupitisha kalamu iliyoisha wino juu ya mistari ya mbavu kutoka upande wa ndani, jambo linalopendeza sana likifanywa kwa mkono mwepesi.

Kupinda kunasababishwa na gundi nyingi yenye maji iliyopakwa upande mmoja wa karatasi. Paka gundi kwenye kiunzi cha ndani tu, yaani kwenye boriti na mbavu za kadi, wala si kwenye ngozi yote ya bawa. Funga ukingo wa nyuma kwa mstari mwembamba wa gundi, kisha libane bawa juu ya kioo kwa rula na vibanio kwa saa kadhaa. Angalia kama mchoro unaonyesha ncha za bawa zimeinuka kuliko katikati, na kama ni hivyo utie mwinuko huo kwenye boriti wakati wa kuiunda, si baada ya ngozi kufungwa.

Namna gani ya kuliweka bawa la juu likae sawa?

Hili ndilo swali lenyewe. Ndege ya mabawa ya ghorofa ikikosewa hapa, ustadi wote wa awali hauonekani tena, kwani jicho la mtazamaji huenda kwanza kwenye mistari miwili mirefu ya mabawa na kutambua mara moja kwamba hailingani. Fury yangu ya kwanza niliibandika kwa gundi ya papo hapo kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuiona imesimama. Bawa la juu lilishika likiwa limesogea milimita 3 kushoto, na ukiitazama kutoka mbele ilionekana kama mtu aliyevaa kofia upande.

Kwanza, hakikisha bawa la chini limekaa sawa kabla ya kufikiria la juu. Chomeka pini katikati ya ncha ya mkia, funga uzi, na upime umbali kutoka hapo hadi ncha ya kila bawa. Umbali huo ukipishana hata kwa milimita moja, rekebisha sasa.

Pili, tengeneza nguzo zenye uti. Karatasi peke yake haina nguvu ya kubeba bawa, kwa hiyo pasua kijiti cha mishikaki upate ufito mwembamba, uusugue kwa msasa hadi uwe bapa, kisha uuzungushie karatasi iliyochapishwa. Kila nguzo iachwe na ncha ya milimita 2 inayotokeza, nayo itaingia kwenye tundu ulilotoboa kwa sindano kwenye bawa. Linganisha nguzo za kushoto na za kulia kwa kuzilaza pamoja juu ya meza. Zikipishana urefu, bawa halitakuwa na jinsi ya kukaa sawa.

Tatu, jenga kishikizo. Chukua boksi gumu la viatu, ukate kuta mbili zinazofanana kabisa, na katika kila ukuta utoboe nafasi mbili za kuingizia mabawa kufuatana na mchoro wa ubavuni. Katika Fury bawa la juu limesogea mbele kuliko la chini, na upana wa bawa la chini ni mdogo, kwa hiyo usikisie. Dondosha mstari wima kutoka ukingo wa mbele wa bawa la juu kwenye mchoro, upime umbali wake hadi ukingo wa bawa la chini, na uhamishie kipimo hicho kwenye boksi. Ndege ikiwa imekaa ndani ya kuta hizo, mabawa yote mawili yanashikwa na boksi, si na mikono yako.

Jaribu kila kitu bila gundi, mara mbili. Ukisharidhika, paka gundi ya seremala kwenye nguzo fupi zinazotoka juu ya kiwiliwili, ulaze bawa la juu, na utumie zile dakika kumi kabla ya gundi kushika kuitazama ndege kutoka mbele, kutoka juu na kutoka nyuma. Nguzo za N huingizwa baadaye, zile za katikati zikiwa zimekauka kabisa. Kwa mpangilio huu kila hatua inaacha nafasi ya kusahihisha, na ndiyo maana siipendi gundi ya papo hapo katika sehemu hii.

Je, ni lazima kutia nyuzi za waya?

Si lazima, lakini modeli isiyo nazo huonekana kama nyumba isiyoezekwa. Waya zile hazikuwa mapambo. Zinazopanda kutoka chini ya kiwiliwili hadi juu ya nguzo zilibeba mzigo ndege ikiwa angani, kwa maana mabawa yalikuwa yakivutwa juu. Na zinazoshuka kutoka katikati ya bawa la juu hadi chini ya nguzo zilibeba uzito wa mabawa ndege ikiwa imetua. Mabawa mawili membamba yaliyofungwa hivyo huwa kama sanduku moja jepesi na gumu, jambo ambalo lilizifanya ndege hizi ziendelee kutumika kwa muda mrefu hata baada ya ndege za bawa moja kuanza kuonyesha kasi yake.

Waya wa upana wa milimita 8 ukipunguzwa kwa skeli ya 1:33 unakuwa karibu robo ya milimita, na huo ndio unene wa uzi mwembamba wa kushonea. Uvutwe uzi juu ya mshumaa ili manyoya yake yalale. Mshipi mwembamba wa kuvulia nao ni mzuri, ila hung'aa na una tabia ya kujikunja. Matundu yote yatobolewe kabla ya bawa la juu kubandikwa. Atakayesahau atajikuta akichomeka sindano kwa mshazari katikati ya nguzo alizozihangaikia wiki nzima.

Gandisha ncha moja ya uzi, subiri ikauke, pitisha ncha ya pili kwenye tundu lake na uining'inizie kibanio cha nguo. Uzito wa kibanio utaukaza uzi kwa kiasi kile kile kila mara, na tone moja la gundi likishakauka unakata kilichozidi. Anza katikati kwenda nje, ukipishanisha kushoto na kulia kama fundi anavyokaza nati za gurudumu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, nyuzi zitalivuta bawa zima upande huo.

Rangi ya fedha niipateje?

Printa haina wino wa fedha, kwa hiyo utapata kijivu, na kijivu hicho kikiwa chepesi hakina ubaya wowote. Kitambaa cha Fury kilipakwa rangi ya alumini isiyong'aa sana. Kilichong'aa kweli kweli ni mabamba ya chuma yaliyoifunika pua. Kufunika ndege yote kwa karatasi ya fedha ni kosa linaloonekana mara kwa mara. Ukitaka kung'arisha, tumia ile ya ndani ya pakiti ya chokoleti, ilainishwe kwa kucha na kubandikwa puani pekee.

Nichague alama za kikosi gani?

Kikosi cha 43 kilikuwa na miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti, na ndicho kinachopendwa zaidi. Kikosi cha 1 kilitumia mistari myekundu, na cha 25 mistari miwili myeusi sambamba, ambayo ni rahisi zaidi kuoanisha kwenye maungio ya mapipa. Anayetaka ndege za Afrika Kusini akumbuke kwamba nembo zao za duara zilikuwa na rangi ya machungwa katikati badala ya nyekundu. Iran, iliyoitwa Uajemi wakati huo, nayo ilinunua Fury, lakini zake zilikuwa na injini ya duara, kwa hiyo usibadilishe rangi tu ukadhani umemaliza.

Ninaishi pwani. Unyevu utaiharibu?

Utaisumbua. Wakati wa masika karatasi hufyonza unyevu, nyuzi hulegea, na bawa lililokuwa limenyooka mwezi Januari linaweza kushuka ncha mwezi Aprili. Tabaka mbili nyembamba za vanishi isiyong'aa, zikinyunyizwa kwa mbali, husaidia sana. Fanya jaribio kwenye kipande kilichobaki kwanza, kwani wino wa printa za kudondosha huyeyuka kwa baadhi ya vanishi, ilhali ule wa leza hauna tatizo hilo lakini hubanduka kwenye mikunjo.

Je, itaruka?

Hapana.

Nimeshabandika bawa la juu na limekaa upande. Nianze upya?

Ikiwa ni gundi ya seremala, usikate tamaa bado. Kata kwanza nyuzi zote, kwa sababu uzi mmoja uliobaki unaweza kuchana ngozi ya bawa. Kisha chovya ncha ya brashi nyembamba katika maji ya uvuguvugu, uguse maungio ya nguzo moja, usubiri dakika mbili tatu, na uitikise nguzo polepole kwa kibano mpaka iachie. Fanya hivyo kwa nguzo moja baada ya nyingine, kuanzia zile za N za nje, ukiacha kila sehemu ikauke kabla ya kurudisha ndege kwenye boksi lake. Matundu yatakuwa yamelegea, nayo huzibwa kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la karatasi lililotokana na msasa, kisha hutobolewa tena siku inayofuata.